Nilivyomtafutia Junior kambi ya kulala, na maswali niliyoazima New Jersey

Nimeahidi wamama wawili wa kwaya na mwingine wa kazini kwamba nitaandika hii stori mara moja, juu nimechoka kuirudia kwa simu. Kila likizo ikikaribia lazima meseji iingie, "Mama Junior, ile kambi ulimpeleka huyo kijana inaitwa aje?" Sasa nikitaja jina tu nitakuwa nimekudanganya, kambi yenyewe inachukua watoto thelathini na mama anayeisimamia ni mtu mmoja na magoti yake hayako sawa. Wacha niseme vile nilitafuta, wewe utajua ya kwako.

Junior ako na miaka 14, gredi ya saba, shule ya kawaida tu hapa Kisumu, iko na yuniti ya watoto spesho nyuma ya jikoni. Akiwa na miaka tisa mwalimu alitutuma kituo cha tathmini, hivi vya EARC, akaonyeshwa picha, akapanga vibao, akaulizwa maswali mpaka akaanza kupiga miayo. Karatasi ikatoka na Kiingereza kizuri sana na mama wa pale akanielezea, mtoto ako na shida ya kushika mambo lakini ni ya kiwango kidogo. Kidogo! Mimi nilitoka pale na furaha nikamnunulia soda na mandazi. Nilidhani kidogo maana yake ni si sana. Ilinichukua miaka kujua kidogo maana yake ni kwamba hakuna mtu ataona.

Na kweli huoni. Ukikutana na yeye Kondele utaona kijana mrefu, anakusalimia na mikono miwili vile nyanyake alimfunza, anaongea vizuri. Namba pleti za matatu zote za ruti yetu anazijua, na anajua ni gani ilibadilisha dereva na lini. Kanisani ukitaja wimbo anakupa namba kabla hujafungua kitabu. Alafu ukae na yeye siku mbili. Kamba za viatu hazifungi. Saa ya mishale inamsumbua. Ukimpa maagizo matatu kwa pamoja anafanya ya mwisho na anakuja kuuliza nini ingine. Kuoga ni dakika arobaini, na si ati anaoga sana, anasimama tu na beseni akisahau amefika wapi. Na mtu yeyote akimwita "bro" anampa kila kitu ako nacho, yaani kila kitu, mpaka sweta.

Sasa Agosti ya mwaka juzi nilimpeleka kambi ya vijana, siku tano, upande wa Nandi. Kulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja na pale chini swali, je, mtoto ana hali yoyote ya afya ama ya masomo tunayofaa kujua? Biro yangu ilisimama hapo. Mbeleni nilikuwa nimejaribu mahali pawili nikiwa mkweli, moja wakasema nafasi zimejaa na jumapili ilifuata bado walikuwa wanatangaza nafasi, ingine wakasema watanipigia. Kwa hivyo nikaandika Hapana. Nikajiambia siku tano ni nini.

Usiku wa pili vijana wa domu wakamwambia yeye ndiye amechaguliwa kapteni wa ulinzi, na kapteni hafai kulala, anasimama nje ya mlango mpaka kukuche. Junior akavaa sweta, akavaa viatu bila kufunga kamba, akachukua tochi yake akaenda akasimama. Metroni alikuwa analala nyumba ingine ng'ambo ya uwanja. Alimpata saa kumi na moja alfajiri akienda kuwasha moto wa chai, mtoto amesimama wima, midomo imepasuka na baridi, tochi imeisha mawe. Akamwambia, "Madam, hakuna mwizi amekuja."

Walinipigia nimchukue. Hawakuniongelesha vibaya, walisema tu hawakujua, na ni ukweli hawakujua, mimi ndiye niliandika Hapana. Kwa matatu mpaka tunashuka alikuwa anaambia makanga vile alilinda domu yote peke yake. Mpaka leo sijamwambia hakukuwa na kazi kama hiyo.

Baba Junior akasema basi, likizo ni Seme kwa dani, yaani nyanyake, kuna ng'ombe, kuna watu wa kumwangalia, wacha mambo ya kambi. Mama mkwe naye akaniambia polepole, "Nyar Maragoli, huyu mtoto hana shida, wewe umesoma makaratasi mengi." Nikasema sawa mama. Lakini kijana mwenyewe hakuacha. Sanduku lake la bati lilikaa chini ya kitanda likiwa limepangwa, sabuni, dawa ya meno, patipati, na kila mara wenzake wa Pathfinda, kile kikundi cha vijana wa kanisa, wakienda mahali alikuwa analitoa anakaa juu yake. Na niseme pia ile kitu wamama hatusemi, mimi na mzee hatukuwa tumekaa nyumbani wawili usiku hata mmoja tangu huyo mtoto azaliwe. Nilitaka aende. Kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Ndio wifi yangu Akinyi akaingia. Ako New Jersey, kazi yake ni kulea, na hiyo familia anafanyia ni Wayahudi, wako na kijana alikuwa 15 wakati huo na ukimskiliza Akinyi unaweza apa ni pacha wa Junior, isipokuwa huyo anajua treni badala ya matatu. Nilipomwambia stori ya kapteni wa ulinzi alinyamaza kwanza, alafu akanitumia sauti ya WhatsApp ya dakika kumi na moja, mimi nikiwa Kibuye nachagua nyanya, nikasimama hapo kwa jua nikaiskiza yote na mama wa nyanya akidhani nimefiwa.

Kumbe huko Marekani kambi ni dini nusu. Shule zikifungwa Juni mpaka zifunguliwe, watoto wanaenda kulala kambini wiki nne, wengine wiki saba nane. Hiyo kwetu ni boding si kambi. Na Wayahudi wako na zao nyingi sana, juu wanataka mtoto akae mahali chakula ni cha kikosher, nyama na maziwa hazikutani sahani moja, sala iko, na Ijumaa jua likizama kila kitu kinasimama. Wanavaa nyeupe, mishumaa inawashwa, wanaimba mpaka wanapiga meza. Jumamosi usiku wanaaga Sabato na mshumaa wa kusokotwa kama nywele na viungo vya kunusa. Akinyi amelelewa Sabato kama sisi, ananiambia siku ya kwanza aliona hiyo alilia. Kitu moja tu ilimchanganya, kwetu jua linazama saa moja kasoro mwaka mzima, huko Juni linakaa mpaka saa mbili na nusu usiku na watoto wote wamekaa na njaa wanangoja. Kuhusu chakula hakushangaa, sisi Wasabato wa hili ziwa tumekula samaki maisha yetu yote bila kugusa mumi, ile samaki haina magamba, kwa hivyo Walawi kumi na moja tunaijua.

Sasa shida ya hiyo familia ilikuwa ile ile yangu, na pesa wako nayo. Kambi za watoto wenye mahitaji makubwa zipo, kuna moja kubwa inaitwa Camp HASC huko milima ya Catskills, inasifiwa sana, lakini kijana wao hakuwa wa hapo, anatembea, anaongea, anajivalisha, angekaa hapo ajiulize ameletwa kufanya nini. Kambi za kawaida nazo zilikuwa zinasema karibu, tunachukua kila mtu, na ukiuliza ni nani haswa atakuwa na yeye, jibu linaanza kuzunguka. Mtoto wa katikati. Mzima sana kwa huku, hajafika kwa kule.

Akinyi akanipangia vile mama wa hiyo nyumba alimpangia. Kuna kambi ndani ya kambi, yaani watoto kama wetu wako na kikundi chao na walimu wao wanaojua kazi, lakini uwanja ni mmoja, chakula ni pamoja, nyimbo ni pamoja. Hiyo ndio ya Camp Ramah, kambi za Kiyahudi ziko kadhaa kwa jina hilo moja, na programu yenyewe inaitwa Tikvah, neno lao la tumaini. Kuna zile ambazo kambi yote imetengenezewa watoto wazito wa kushika na wale hawatulii, kama Round Lake kule Pennsylvania. Na kuna kuingizwa moja kwa moja na wengine lakini na mtu wa kukushika mkono, shirika lao la Yachad linafanya hivyo kwa kambi kadhaa. Bei usiulize, nilikufanyia hiyo hesabu nikajuta, msimu mzima unaweza pita dola 10,000. Ingawa mtoto wa mara ya kwanza anaweza pata msaada, kuna mpango unaitwa One Happy Camper unatoa mpaka dola 1,000. Hapo ndio nilijua hata matajiri wanachangiwa.

Lakini stori ilinishika ni ya hiyo Tikvah vile ilianza. Ni mwaka wa 1970. Walimu wawili, mtu na mkewe, Herb na Barbara Greenberg, walizunguka na wazo la kuleta watoto wenye ulemavu kambini na wakurugenzi wa kambi wakakataa. Hofu yao ilikuwa nini? Kwamba mpangilio wa kambi utaharibika na wazazi wa watoto wa kawaida watatoa watoto wao. Mmoja tu ndio alikubali, wa kambi ya Ramah ya Glen Spey huko New York. Leo karibu kila kambi ya kulala ya Ramah iko na hiyo programu. Niliposkia hiyo ya wazazi kutoa watoto nilicheka peke yangu, juu ni maneno hayo hayo niliambiwa na mzee mmoja kwa kamati, kwa Kiswahili, nusu karne baadaye, na alikuwa anadhani amefikiria mwenyewe.

Kando kidogo. Bosi wa Akinyi alipojua ametoka magharibi mwa Kenya alimuuliza, kwa hivyo ni huko kwenu tulikuwa tupewe? Akinyi akabaki ameduwaa. Akaelezewa kwamba mwaka wa 1903 Waingereza, kupitia waziri wao Chamberlain, waliwaambia Wayahudi wa Herzl, yule aliyekuwa anaongoza wale wanatafuta nchi yao, waje wachukue ardhi Uasin Gishu. Wakaita mpango wa Uganda ilhali ardhi yenyewe ni hapo Eldoret. Wakatuma watu wakaja kuangalia, na 1905 kongamano lao likasema hapana asante. Wenye ardhi hakuna mtu alikuwa amewauliza kitu, lakini hiyo ni kawaida ya Mwingereza. Mimi sasa nikipita Eldoret nafikiria tu, kama wangekubali hizi kambi za dola elfu kumi zingekuwa hapo Burnt Forest, na mimi ningekuwa napeleka Junior na matatu.

Turudi. Dakika za mwisho za hiyo sauti ndio za maana, na ndio nimeandika hii yote juu yake. Yule mama alikuwa na maswali yake na hakuwa anauliza ya mchana. Mchana kila kambi ni nzuri, kuna mpira, kuna kuogelea, kuna mtu na filimbi. Alikuwa anauliza ya usiku. Ni nani analala ndani ya hicho chumba? Si kwa compaundi, ndani ya chumba. Kule kwao vijana wa miaka kumi na nane kumi na tisa wanaosimamia ndio hulala na watoto chumba kimoja, na bado huyo mama alitaka kujua huyo kijana amewahi kukaa na mtoto kama huyu ama ataanzia kwa wake. Akauliza ile saa ya kupumzika baada ya lunchi, wakati hakuna programu, nani anaangalia? Juu watoto kama hawa hawaharibikiwi wakati wa mpira, wanaharibikiwa kati ya mpira na chai. Na swali la mwisho ndio kali, niambie mtoto wa mwisho mlimrudisha nyumbani alikuwa na shida gani. Kambi ikisema haijawahi rudisha mtoto, ama wanadanganya ama hawaangalii.

Alafu akasema kitu kuhusu dini nilikuwa sijawahi fikiria. Watu walimwambia kuna kambi zingine za kawaida, si za Kiyahudi, ziko na walimu spesho kibao, mbona asipeleke huko. Akasema mtoto wangu mambo mengi yanampita, lakini Sabato haimpiti. Anajua mshumaa unafuatwa na nini, wimbo gani unakuja, lini unasimama na lini unakaa. Mahali pengine pote anafuata wengine wakiwa wameshaenda mbele, hapo anatembea na wao. Mimi nikakumbuka Junior na namba za nyimbo. Kanisani hakuna mtu amewahi kumuita mzito. Mwimbishaji akisahau namba anamwangalia yeye.

Basi nikanunua daftari, nikaanza kupiga simu. Majina siweki.

Ya kwanza, upande wa Naivasha, jamaa mchangamfu sana, "Mama, sisi tunachukua wote, Mungu hana ubaguzi." Nikasema amina, na usiku ni nani analala kwa hiyo domu? Akasema wako na timu. Timu inalala wapi? Kimya kidogo, alafu akasema, "Mama, tutaomba." Nikamwambia na mimi nitaomba, nikakata.

Ya pili walikubali lakini nilete mtu wangu wa kumwangalia, na huyo mtu alipe kama mtoto, na ajiletee godoro. Nilipiga hesabu nikaona bora nijipeleke mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa siku ya watoto wenye ulemavu, kutwa tu bila kulala, tukaenda tuone. Wengi walikuwa wa viti vya magurudumu. Junior alisukuma viti kutoka asubuhi mpaka jioni, akagawa juisi, akapanga foleni ya choo, alikuwa na furaha sijawahi ona. Jioni akaniuliza watalipa lini. Alidhani ameandikwa kazi. Wale watu walikuwa wazuri kweli, na walinipa mawazo mengi, lakini niliona yale yale ya kijana wa New Jersey, aliyekuja kama mgeni amegeuka mwenye nyumba.

Ya nne nilielekezwa na mama wa therapi anayekuja shuleni. Iko karibu na msitu wa Kakamega, ni ya vijana wa kanisa, si kubwa, inasimamiwa na mwalimu mstaafu, wote wanamwita Madam. Nilipiga nikiwa na daftari langu tayari na maswali yangu ya Amerika. Kabla nifike swali la kwanza akaniuliza yeye, "Mama, huyo kijana usiku anaogopa nini?"

Nilikaa chini. Miaka mitano hakuna mtu, hata daktari, alikuwa ameniuliza hiyo. Nikamwambia haogopi giza, anaogopa kuamka na hajui choo kiko upande gani. Akasema sawa, hiyo ni kamba. Nikasema nini? Kamba, tutafunga kamba ya manila kutoka kitanda chake mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni taa inaonekana. Kuna mwingine tulimfanyia hivyo na mwisho wa wiki wote walikuwa wanaitumia.

Nikauliza yangu sasa. Kila domu iko na msaidizi analala ndani, kitanda cha chini cha dabodeka kilicho karibu na mlango, vijana wamemaliza shule wanangoja kuitwa koleji, na lazima wawe wamekuja siku tatu mbele kufunzwa. Saa ya kupumzika yeye mwenyewe anakaa kwa veranda na kiti chake. Mtoto wa mwisho kurudishwa? Akapumua, akasema alikuwa msichana, alikuwa analia tangu siku ya kwanza na wakadhani atazoea, hakuzoea, walingoja siku moja zaidi ya vile walifaa, na hiyo ni makosa yake yeye Madam. Hapo ndio niliamua. Mtu anaweza sema makosa yake kwa simu kwa mtu hamjui, huyo nitampa mtoto wangu.

Na fomu ilipokuja nilijaza nyuma na mbele na nikaongeza karatasi. Niliandika ile ya bro. Niliandika ya beseni. Niliandika ya kapteni wa ulinzi pia, mkono ukitetemeka kiasi, na nikaandika kwamba hajui ilikuwa mzaha na tafadhali asiambiwe.

Madam hakumchukua moja kwa moja. Alisema mleteni Ijumaa moja ya Novemba alale mara moja tu, tuone na yeye atuone. Tulifika jua likianza kwenda chini, nyani wanapiga kelele msituni, na vijana kama sita walikuwa wamekuja kusaidia kufagia. Wakaanza nyimbo za kufungua Sabato. Mmoja akauliza ile ingine ni namba gani, na mwanangu kutoka nyuma, na sanduku lake bado mkononi, akataja. Wakageuka wote. Wakamjaribu na ingine, akataja. Ya tatu wakamwita mbele. Mimi na mzee tukatoka polepole tukaenda kulala lojing ya Kakamega mjini na hatukulala, tulikaa tu tukiangalia simu kama wagonjwa. Simu haikulia.

Iliyobaki ilikuwa kufuli. Unajua mambo ya sanduku, bila kufuli vitu vinaisha siku ya kwanza, na ukimpa Junior ufunguo umepotea kabla ya lunchi, tulishajaribu kumfungia shingoni akaupea bro. Nikaenda dukani hapo Oginga Odinga Street nikaona zile za namba, tatu za kuzungusha, mia tatu na hamsini. Nikasema hawezi. Nikaondoka. Nimefika steji ndio akili ikarudi, huyu ni mtoto anabeba kwa kichwa namba pleti za mji mzima, na pleti ya Kenya iko na tarakimu ngapi? Tatu. Nilirudi mbio kama nimeibiwa.

Tukampa achague gari. Alichagua ile nganya ya zambarau anaipenda, na mimi nikapanga kufuli na hizo namba, na kutoka siku hiyo hajakosea hata mara moja, gizani, kwa mvua, anafungua akiongea na wewe. Mama mkwe alimwona akifungua akasema, "Si nilikuambia." Nikasema kweli mama, uliniambia.

Disemba akaenda siku sita. Nililipa elfu sita na mia tano, nusu kwa M-Pesa nusu chama kikanisaidia. Msaidizi wake alikuwa kijana wa Mbale, yetu ya Vihiga si ya Uganda, mpole, hakumfunga kamba za viatu, alimwachia tu patipati na hakuna mtu alikufa. Usiku wa pili saa tatu kasoro simu ikalia, namba ya Madam, na nilisimama na sufuria ya omena mkononi nikasahau kuiweka chini. Ni Junior. Alikuwa ameomba simu aniulize kama ile nganya ya zambarau imerudi kutoka gereji. Nikamwambia imerudi. Akasema sawa, akakata.

Alirudi bila sabuni, bila sweta moja, na taulo ya mtu mwingine. Kamba ya manila aliniletea kipande, walikatiana siku ya mwisho. Usiku mmoja alilia, Madam aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, wakakaa na yeye kwa veranda mpaka ikapita, na kuna kijana mmoja alikuwa anamtuma tuma wakamwona siku hiyo hiyo wakambadilisha domu.

Akinyi niliporudishia majibu aliniambia wa kwao naye yuko anarudi mwaka wa pili, na kwamba kambi huweka picha kila jioni na wao wawili, yeye na bosi, hukaa kitandani na lap­topu wakikuza sura ya kijana waone kama ameswaki. Wamama ni wamama.

Sasa ni April, siku tano, fomu nimejaza na Madam amesema magoti yatavumilia. Shida imebaki moja. Sweta ilienda wapi? Kumbe alikuwa anaambia kila mtu namba ya kufuli, kwa maringo, juu ni ya nganya yake, na domu yote ilikuwa inafungua sanduku. Kwa hivyo tunabadilisha, na nimemwambia hii itakuwa siri yetu wawili. Naandika haya nikiwa steji ya Kondele, saa ya pili tumesimama hapa, yeye na mikono nyuma kama inspekta, magari yanapita, na kila nikimwonyesha moja anatikisa kichwa anasema hiyo hapana mama, hiyo breki zake hazishiki.